Kabla hujauza bodaboda ukanunue kompyuta ya studio

Nina ugomvi na ushauri mmoja uliogeuka kanuni katika studio ndogo za Dar es Salaam: sauti ikianza kukwaruza, nunua mashine mpya. Nimeusikia Tandika ninakofanyia kazi, nimeusikia Sinza na Kinondoni, na muuza kompyuta wa Kariakoo hana sababu ya kuupinga. Mwimbaji yuko katikati ya ubeti, maiki imekaa vizuri, hisia zimepanda, halafu kwenye hedifoni inapita tik. Wimbo unakatika kwa sehemu ndogo ya sekunde, unarudi, tik nyingine. Mwimbaji anavua hedifoni na kumwangalia prodyuza. Prodyuza anaiangalia laptopu yake kwa chuki. Wiki inayofuata anatafuta mkopo.

Ninachosema mimi ni hiki: laptopu nyingi za vijana hawa zina nguvu ya kutosha. Kinachozishinda ni kuwahi. Zimetoka kiwandani zikiwa zimepangwa zitunze betri na zisichemke, na kazi hiyo zinaifanya vizuri mno, ila hakuna aliyekaa chini akazipanga upya kwa ajili ya kurekodi. Kuzipanga hakugharimu hata senti. Na mtu anayetoza watu fedha ili awarekodi anapaswa kuujua mpangilio huo kama anavyojua maiki ikae umbali gani na mdomo.

Mwanzoni mwa mwaka alinijia prodyuza mmoja wa singeli, kijana wa Mbagala.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Vipi kazi?"

"Kazi ipo, mashine ndiyo haipo."

Mashine alikuwa nayo begani: ThinkPad ya mtumba yenye prosesa ya Core i5-8350U, viini vinne, kasi ya msingi gigahezi 1.7 na uwezo wa kupanda hadi 3.6 ikihitajika. Mpango wake ulikuwa auze bodaboda, aongezee fedha ya kikoba ambayo dada yake alikubali kumkopesha, apate Core i9. Nikamuuliza: sauti inapokwaruza, kile kipimo cha Windows kinachoonyesha kazi ya prosesa kinasoma ngapi?

"Asilimia thelathini, fundi. Ikizidi sana arobaini. Ndiyo maana nimechanganyikiwa."

Alikuwa na haki ya kuchanganyikiwa. Mashine ambayo zaidi ya nusu ya nguvu zake imelala haiwezi kusemwa imeelemewa, na bado sauti ilikuwa inapasuka. Ili kuelewa hapo, inabidi kujua sauti inavyopita ndani ya kompyuta.

Saundi kadi huipima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde. Kila kipimo tunakiita sampuli. Sampuli hizo hukusanywa katika mafungu, na prosesa hukabidhiwa fungu moja baada ya jingine. Fungu hilo ndilo bafa. Ukichagua bafa ya sampuli 128, prosesa ina milisekunde 2.9 za kulipokea fungu, kulipitisha kwenye plagini zote, kulichanganya na traki nyingine na kulirudisha kwenye hedifoni. Likiondoka linafuata jingine, zaidi ya mafungu 340 kwa sekunde, wimbo mzima. Fungu moja likichelewa, saundi kadi haingoji. Inacheza ukimya au takataka, na hiyo ndiyo tik.

Mfikirie mama chapati mwenye mteja ambaye kila dakika moja ananyoosha mkono achukue chapati, iwepo isiwepo, na sahani ina nafasi ya chapati moja tu. Mama huyo anaweza kukaanga tatu kwa dakika. Ukipiga hesabu ya siku nzima, muda mwingi amekaa. Lakini akienda dukani kufuata mafuta kwa dakika mbili, mkono wa mteja utagusa sahani tupu. Ukimleta mama mwingine anayekaanga tano kwa dakika, naye akaenda dukani, mteja atakosa vilevile. Na ukileta sahani kubwa ili iwekwe akiba, mteja hatakosa, ila atakuwa anakula zilizopoa. Hayo ya chapati zilizopoa nitayarudia, maana ndiyo yanayowaumiza waimbaji.

Sasa ile asilimia 30. Windows inapima wastani. Prosesa inafanya kazi kwa milisekunde moja, inapumzika karibu mbili, inafanya tena. Kwa programu inayosimamia matumizi ya umeme, hiyo ni mashine isiyo na shughuli, basi inatekeleza ilichoagizwa: inashusha kasi, na viini vilivyotulia inavilaza. Prosesa za leo zina ngazi kadhaa za usingizi, na kadiri usingizi unavyokuwa mzito ndivyo kuamka kunavyochukua muda zaidi. Ni muda mdogo, sehemu ya milisekunde, lakini bajeti yetu yote ni milisekunde 2.9. Kiitikio kinapoingia na traki zote zikafunguka kwa pamoja, kazi inaikuta prosesa iko nusu ya kasi yake au chini ya hapo. Kasi itapanda, ndiyo. Itapanda baada ya fungu kupita.

Kwa hiyo kipimo cha Windows ni cha kupuuza katika kazi hii. Programu ya kurekodia ina kipimo chake. FL Studio, ile ya Wabelgiji wa Image-Line iliyoanza mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops na ambayo vijana wengi wa Bongo wamejifunzia kutengeneza biti, ina sehemu katika mipangilio yake ya sauti inayohesabu ni mara ngapi fungu limechelewa. Namba hiyo ndiyo ya kuikodolea macho. Ikibaki sifuri wimbo mzima, mashine yako inatosha hata kama imepasuka kioo.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Traki moja yenye plagini sita zilizofuatana haiwezi kugawanywa kwa viini vingi, kwa sababu plagini ya pili inasubiri matokeo ya kwanza, na ya tatu inasubiri ya pili. Mnyororo wote unabebwa na kiini kimoja. Vivyo hivyo mnyororo wa mwisho, ule ambao vijana huujaza plagini za kukuza sauti kabla hata vokali haijaingia. Ukinunua viini 16, kumi na tano vitamtazama mwenzao akihangaika. Toa hizo plagini za mwisho wakati wa kurekodi, zirudishe ukimaliza.

Tulipoifungua ile ThinkPad, mpango wake wa umeme ulikuwa ule wa wastani ambao Windows huja nao. Katika mpango huo, kiwango cha chini cha prosesa ni asilimia 5, yaani inaruhusiwa kushuka hadi karibu na kusinzia kabisa. Tukahamia mpango wa utendaji wa juu, kiwango cha chini kikawa asilimia 100. Tukazima ruhusa ya kuzipunguzia umeme tundu za USB, maana saundi kadi inaning'inia hapohapo, na hakuna haja ya kompyuta kuihesabu kuwa imelala. Laptopu mpya nyingine huificha mipango hii na kubakiza mmoja. Kwenye hizo, angalia ukurasa wa umeme na betri, uchague hali ya utendaji bora.

Lipo kosa dogo ninaloliona kila mara. Mipangilio hiyo ina safu mbili, moja ya laptopu ikiwa kwenye chaji na nyingine ikiwa kwenye betri. Watu hubadilisha ya kwanza tu. Umeme ukikatika saa tisa alasiri, laptopu haizimiki, kila mtu anashukuru Mungu, kazi inaendelea, na tik zinaanza. Wanailaumu prosesa. Prosesa imetii tu: imeambiwa iko kwenye betri, ikajibana. Badilisha safu zote mbili, halafu ukubali kwamba betri itakwisha mapema.

Na chaja. Zipo laptopu ambazo zikichomekewa chaja zisiyoitambua hupunguza kasi ya prosesa kwa nguvu, hata mpango wa umeme useme nini. Chaja ya bei ya chini inaweza kuchaji betri vizuri, taa ikawaka, na huku imekufungia mashine kwenye kasi ya mwendo wa harusi. Kabla hujazungumza na muuza kompyuta, azima chaja halisi ya laptopu hiyo, ujaribu.

Suala la joto linahitaji busara zaidi, na hapa natofautiana na mafundi wenzangu. Wengi husema iache prosesa ipande hadi mwisho wa kasi yake. Hiyo ni sawa Iringa mwezi wa saba. Dar es Salaam mwezi wa pili, kwenye chumba kisicho na dirisha, kilichobandikwa magodoro ukutani, na feni imezimwa kwa sababu maiki inaisikia, laptopu yenye prosesa ya wati 15 haina pa kutolea joto. Inapanda hadi 3.6, inakaribia nyuzi 100, inajiokoa kwa kushuka ghafla, inapoa, inapanda tena. Kila kushuka ni nafasi ya tik. Kwa laptopu za namna hiyo, mimi huweka kiwango cha juu cha prosesa kuwa asilimia 99. Kwenye prosesa nyingi za Intel, ile moja iliyopunguzwa inazima upandaji wa ziada, na mashine inakaa kwenye kasi yake ya msingi bila kuyumba. Unapoteza kilele, unapata utulivu. Kwa kurekodi vokali nachagua utulivu kila siku. Kwa kumiksi, ambako hakuna mtu anayeimba, rudisha 100.

Lakini kabla ya hayo fungua mashine, toa vumbi la feni, weka upya ile grisi ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa. Laptopu iliyotumika ofisini Ulaya kwa miaka mingi ikaja kumalizia maisha Temeke ina vumbi la mabara mawili.

Kuhusu kuingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, ile inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, na kuzima ngazi za usingizi mzito moja kwa moja: kwenye kompyuta ya mezani yenye feni kubwa, zima, utafaidika. Kwenye laptopu, achana nayo. Joto litakalozaliwa litakula faida yote.

Baada ya mpangilio ule, namba ya mafungu yaliyochelewa kwenye mashine ya yule kijana ilishuka sana. Haikufika sifuri. Kila baada ya muda mfupi ilikuwa inaongezeka moja, mbili, hata wimbo ukiwa mtupu. Hiyo haikuwa prosesa tena, na ndiyo sababu nawasihi watu wapime kabla ya kushika mipangilio. Ipo programu ya bure inayoitwa LatencyMon. Unaiacha inafanya kazi kwa dakika chache na inakutajia kwa jina draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, inayoishikilia prosesa muda mrefu kuliko inavyostahili. Draiva zina heshima ya juu ndani ya Windows. Zikibisha hodi, kila programu inasimama, na programu ya muziki inasimama nayo. Draiva mbaya ikishikilia kwa milisekunde 4 wakati wewe una 2.9, hata kompyuta ya bei ya kiwanja itakwaruza.

Kwake ilikuwa Wi-Fi. Kompyuta ilikuwa imeunganishwa na simu yake mfukoni ili WhatsApp ya kwenye laptopu ipokee ujumbe wa wateja. Tukaizima, pamoja na Bluetooth. Namba ikasimama. Bodaboda nayo ikabaki nyumbani.

Nina msimamo mkali kuhusu hili la intaneti: mashine ya kurekodia isiwe mtandaoni wakati wa kurekodi. Wapo wanaosumbuliwa na habari kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025, na kwamba laptopu zao zenye prosesa za kizazi cha sita au cha saba hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Kwa mtu wa benki hiyo ni habari nzito. Kwa mashine ambayo kazi yake ni kurekodi, na ambayo intaneti unaiwasha mara mojamoja kwa sababu maalumu, si sababu ya kukopa.

Upande wa pili wa ugonjwa huu ni ushirikina. Kuna programu zinazojinadi kuharakisha kompyuta kwa kubofya mara moja. Nyingi zenyewe ndizo zinazokaa nyuma zikila muda wa prosesa. Kuna wanaofundisha kuipa programu ya muziki kipaumbele cha juu kabisa, kile cha muda halisi, ndani ya Windows. Usifanye. Unaweza kuifikisha mahali ambapo hata kipanya hakisogei kwa sababu programu moja imewafungia wengine mlango. Kuna ushauri wa zama za Windows XP wa kuiambia prosesa ihudumie kwanza shughuli za nyuma badala ya programu iliyo mbele. Wakati ule ulikuwa na maana. Tangu Windows Vista ilipokuja na utaratibu wa kuzipa shughuli za sauti upendeleo, na kwa saundi kadi zenye draiva nzuri, sijawahi kusikia tofauti. Ukitaka badilisha, hutadhurika. Na kuna wanaorekodi kwa sampuli 192,000 kwa sekunde ili sauti iwe "nzito". Wameongeza kazi ya prosesa zaidi ya mara nne, wimbo utasikilizwa kwenye spika ya simu ndani ya daladala.

Wenzetu wa Linux wana bahati ya kuambiwa ukweli waziwazi: kuna amri ya kuiweka prosesa kwenye hali ya utendaji ili isishuke kasi, na kuna Ubuntu Studio iliyoandaliwa kwa kazi za namna hii. Watu walioifanya Linux iweze kuheshimu muda kwa uhakika walihangaika kwa takriban miaka 20 kabla kazi yao haijaingizwa yote kwenye kiini rasmi cha Linux yenyewe (kernel), toleo la 6.12 la mwaka 2024. Hao hawakuwa wanatafuta kasi. Walikuwa wanatafuta kompyuta isiyochelewa.

Nilisema nitarudi kwenye chapati zilizopoa. Studio nyingi zikisumbuliwa na tik hupandisha bafa hadi 1,024 au 2,048 na kuiacha hapo maisha yote. Tik zinaisha kweli. Lakini hesabu ni hii: kwa sampuli 44,100, bafa ya 2,048 ni milisekunde 46 za kuingia na 46 za kutoka. Mwimbaji anayesikia sauti yake kupitia kompyuta anaisikia baada ya zaidi ya milisekunde 90. Sauti hewani hutembea takriban meta moja kwa milisekunde 3, kwa hiyo dada aliyesimama mbele ya maiki anajisikia kana kwamba spika yake iko meta 30 kutoka alipo. Anafanya nini? Anaivuta sauti, anaisubiri, anachelewa. Anaambiwa hana taimu.

Hili linaniudhi kuliko mpasuko wenyewe. Nimewasikia waimbaji wa kwaya, watu waliokuwa wakiimba kwa pamoja kanisani tangu utoto bila metronomu wala kondakta wa maana, wakiambiwa na kijana aliye nyuma ya kioo kwamba hawajui kwenda na biti. Kwaya inakuja na basi kutoka Kilosa, watu wameomba ruhusa kazini, wamechangishana nauli na fedha ya studio kwa wimbo, wanalala kwa ndugu wa mwenyekiti. Mama wa sauti ya pili anarudishwa mara nne kwenye mstari uleule. Kosa liko kwenye bafa, aibu anabeba yeye. Enzi za mikanda ya Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi ilisimama chumba kimoja na kupiga wimbo mzima kwa pamoja; kulikuwa na shida nyingi, lakini hakuna mwimbaji aliyeletewa sauti yake mwenyewe ikiwa imechelewa kisha akalaumiwa.

Kwenye singeli mambo ni mabaya zaidi. Singeli ya mapigo 240 kwa dakika ina milisekunde 250 kati ya pigo na pigo, na MC anayegawa pigo mara nne ana milisekunde 62.5 kwa kila silabi. Bafa ya 512, ambayo wengi wanaiona ndogo, inampa ucheleweshaji wa milisekunde 23 kwenda na kurudi kabla hujahesabu wa saundi kadi yenyewe. Zaidi ya theluthi ya silabi. Muziki huu ulitoka uswahilini ukafika kwenye majukwaa ya Ulaya; mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za Sisso Studios ya Mburahati, na waliocheza hawakuuliza prosesa ilikuwa ya kizazi gani. Lakini mapigo yalikuwa mahali pake.

Kwa hiyo bafa ni kitu cha kubadilisha kutwa. Wakati wa kurekodi iwe 128, au 64 mashine ikikubali. Wakati wa kumiksi iwe 1,024 na plagini urudishe zote. Traki zilizokamilika zigandishe, yaani ziwe sauti tupu badala ya kuilazimisha prosesa kuzipika upya kila sekunde. Na mashine ikigoma kabisa kushuka, saundi kadi nyingi, hata zile ndogo za tundu mbili, zina kitufe cha kumpelekea mwimbaji sauti yake moja kwa moja bila kupita kwenye kompyuta. Kibonyeze. Hatakuwa na mwangwi wa kumbembeleza, na wengine watalalamika, lakini ataimba kwa wakati.

Sisemi hakuna kompyuta mbovu. Kama una Celeron ya viini viwili, RAM ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka, hakuna mpangilio utakaokufikisha kwenye kwaya ya traki 40. Hata hapo, fedha ya kwanza iende kwenye SSD, ya pili kwenye RAM. Na kama bado unarekodi kupitia tundu la maiki la laptopu, nunua saundi kadi yenye draiva yake ya ASIO, ile inayoipa programu ya muziki njia fupi ya kufika kwenye kadi, kabla ya kufikiria prosesa. ASIO4ALL, ile draiva ya bure kwa kadi zisizo na ASIO yake, itakusogeza kidogo, ila si pa kuishi. Ukifika kwenye prosesa yenyewe, uliza kasi ya kiini kimoja na uwezo wa mashine kujipoza. Namba iliyobandikwa kwenye stika ije mwisho.

Ningependa kuona Taasisi ya Sanaa na Utamaduni pale Bagamoyo, vyuo vya VETA, na hata wale wanaoendesha mafunzo ya wiki mbili mtaani, wakimkalisha mwanafunzi mbele ya laptopu ya mtumba inayokwaruza na kumwambia asiondoke mpaka ile namba ya mafungu yaliyochelewa isome sifuri. Biti atajifunza tu, wenzake wapo. Hili hakuna anayemfundisha, na waliolijua wanalificha wapate kuitwa na kulipwa.

Kabla wakati huo haujafika, mwimbaji ajilinde mwenyewe. Kabla hujatoa advansi, omba uwekewe biti, vaa hedifoni, sema ta-ta-ta karibu na maiki. Ukisikia sauti yako inakufuata nyuma, muulize prodyuza bafa iko ngapi. Akikutajia namba na akaishusha mbele yako, mnaweza kufanya kazi. Akikuambia ni kawaida, utazoea, toka na fedha yako mfukoni. Dar es Salaam hii studio ziko nyingi.